Waliotangulia Juu ya Mawingu

Katikati ya kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, kuna baraza la kutazamia lililojengwa ubavuni mwa mlima Tomamu, mita 1,088 juu ya usawa wa bahari. Kila mwaka, kuanzia Mei hadi Oktoba, wageni hudamka kungali giza, hupanga foleni, kisha hupandishwa na vibanda vinavyoning'inia kwenye waya kwa muda wa dakika kama 13. Wakifika juu hawakuti hekalu la kuhiji wala kilele cha kujivunia. Hutazama chini tu, wakitarajia kuona mawingu yametanda bondeni hadi upeo wa macho na vichwa vya milima vimechomoza katikati yake. Mawingu yakikosekana, hushuka wakaenda kupata kifungua kinywa. Baraza lenyewe ni la juzi tu, lakini desturi ya kupanda juu ili kuyaona mawingu kwa juu ni ya kale, na historia yake imezoeleka kusimuliwa kwa upande wa mtazamaji: mshairi, mchoraji, msafiri, mtalii. Masimulizi hayo yamewasahau wenye mchango mkubwa zaidi. Mandhari hii iligunduliwa, ikasomwa na ikatunzwa na watu waliokuwa mlimani kwa kazi nyingine kabisa, na karibu kila mtazamaji aliyefika juu ya mawingu aliinuliwa na mikono ya mtu mwingine.

Tuanze na Tomamu yenyewe, kwa kuwa ushahidi wake haujafunikwa na vumbi la karne. Kituo hicho cha mapumziko kilifunguliwa mwaka 1983, wakati Japani ikijenga kwa pupa viwanja vya kuteleza kwenye theluji, na vibanda vya waya viliwekwa ili kuwapandisha watelezaji. Uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1990 mambo yaliharibika, na mwaka 1998 kampuni iliyokianzisha ilifilisika. Kampuni ya Hoshino Resorts ilichukua uendeshaji mwaka 2004, ikiwa na swali gumu mkononi: mahali palipojengwa kwa ajili ya theluji pafanye nini theluji inapoyeyuka? Jibu halikutoka kwa wataalamu wa masoko. Lilitoka kwa mafundi wa vibanda vya waya, ambao majira ya joto ndiyo msimu wao wa matengenezo. Walikuwa wakipanda alfajiri kukagua waya na magurudumu yake, na asubuhi nyingi walikuta mawingu yamelala chini yao. Kwao jambo hilo lilikuwa la kila siku, hata halikustahili kuhadithiwa. Ndipo wakawaza kwamba ingefaa wageni nao wayaone huku wakinywa kahawa. Mwaka 2005 wakafungua mahali padogo pa kutazamia huko juu, na watu wa spana wakajifunza kuhudumia wateja. Mwaka uliofuata baraza likapewa jina la bahari ya mawingu, Unkai Terrace, nalo likawa sababu ya watu wengi kwenda Tomamu wakati wa kiangazi.

Msomaji mwenye shaka atasema hadithi hii ni tamu mno. Kampuni yoyote ingependa kusimuliwa kwamba wazo lake kubwa lilizaliwa na mafundi wanyenyekevu, maana hadithi ya namna hiyo nayo huuza tiketi. Shaka hiyo ni halali, na ni kweli kwamba kampuni imeinufaisha hadithi hiyo kama nayo ilivyoinufaisha kampuni. Lakini hatulazimiki kuwategemea wasimulizi, kwa sababu mpangilio wa mahali penyewe unatoa ushahidi. Baraza lipo karibu na kituo cha juu cha vibanda vya waya, pale pale kazi ya mafundi ilipokuwa. Hufunguliwa alfajiri, saa ambayo hakuna mgeni aliye likizoni ambaye angeichagua kwa hiari yake, ila ndiyo saa ya fundi anayetaka kumaliza ukaguzi kabla ya mashine kuanza kubeba watu. Msimu wake ni ule ambao theluji haipo na mafundi wapo. Aliyekaa ofisini Tokyo akibuni kivutio kipya asingeanza na saa kumi na moja alfajiri, tena kwa kitu ambacho, kwa hesabu za kituo chenyewe, hutokea katika takriban asilimia 40 tu ya asubuhi za msimu.

Asilimia hiyo inatufikisha kwenye kiini cha jambo, yaani ujuzi. Mawingu ya Tomamu hayaji kwa njia moja. Yapo yanayozaliwa bondeni humo humo, usiku ukiwa wa anga wazi na mtulivu: ardhi hupoteza joto lake, hewa iliyoigusa hupoa, mvuke hugeuka kuwa matone, na hewa ya joto iliyobaki juu hukaa kama mfuniko wa sufuria, ikizuia ukungu usipande. Yapo pia yanayotoka mbali. Mkondo wa maji baridi uitwao Oyashio hupita pwani ya mashariki ya Hokkaido, na hewa yenye unyevu inayotoka kusini ikipita juu yake hufanya ukungu mzito baharini. Upepo wa kusini-mashariki huusukuma ukungu huo nchi kavu. Huvuka uwanda wa Tokachi, hukwea safu ya milima ya Hidaka, kisha humwagika upande wa pili, ukiteremka mabondeni mbele ya macho ya watu waliosimama barazani. Aina ya tatu huja na hali mbaya ya hewa. Kujua jioni ni aina gani inaweza kuja kesho, na kama itafika barazani au itaishia nyuma ya milima, ni elimu inayopatikana kwa kukaa mlimani siku nyingi na kuweka kumbukumbu. Wafanyakazi wa Tomamu hutoa utabiri huo kwa wageni, na bila wao baraza lingekuwa sakafu tu yenye kizuizi cha kuzuia watu wasianguke.

Mgawanyo huu wa kazi, baina ya mwenye kujua na mwenye kutazama, ni wa kale kuliko mashine yoyote. Mwaka 1177 Fan Chengda, ofisa mkubwa wa dola ya Song nchini China, alikuwa akirudi kutoka kwenye utawala wake huko Sichuan, akapita mlima mtakatifu wa Emei na kupanda hadi kileleni, zaidi ya mita 3,000. Aliandika shajara ya safari yake ambayo imedumu hadi leo. Humo anaeleza jinsi mawingu meupe yalivyojaa chini ya genge, yakapanda, yakasimama karibu na ukingo na kusawazika yakawa uwanda laini. Kisha juu ya uwanda huo ikaonekana duara kubwa ya nuru yenye rangi, na katikati ya duara kila mtu aliona kivuli chake mwenyewe. Akiinua mkono kivuli kiliinua mkono, lakini kivuli cha jirani yake hakukiona. Sayansi ya leo inaeleza kwamba matone ya wingu huurudisha mwanga wa jua kuelekea kule ulikotoka, ndiyo maana kila jicho hupata duara yake. Ila kwa hoja yetu kuna jambo la karibu zaidi: Fan hakujifunza peke yake jina la kile alichokiona. Watawa wa Emei ndio waliomwambia kila alama inaitwaje. Wao waliishi pale kwa ibada, na katika kuishi pale walikuwa wamekusanya elimu ya mawingu ambayo ofisa yule, pamoja na usomi wake wote, hakuwa nayo.

Shajara hiyo hiyo ina jambo jingine ambalo wasifiaji wa mandhari hulipita haraka. Fan hakupanda Emei kwa miguu yake. Alibebwa kwenye kiti cha mlimani na askari wenye nguvu, na mbele yao wenyeji 30 walivuta kamba kubwa ili kukikokota kiti kwenye vipandio vikali. Majina yao hayakuandikwa. Tukiweka picha hiyo kando ya Tomamu, tofauti iliyopo ni ya nyenzo: kamba iliyovutwa na watu 30 imekuwa waya unaovutwa na mota, na mota inasimamiwa na fundi anayeipaka grisi. Katika hali zote mbili mtazamaji ameinuliwa, na katika hali zote mbili aliyemwinua ameshayaona mawingu hayo mara nyingi kuliko yeye.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanahistoria wa sanaa. Wao husema watu wa kazini wanaweza kuwa waliyaona mawingu, lakini kuona si kuthamini. Kwa mchungaji au mpagazi ukungu ni kero tu, na msanii ndiye aliyewafundisha watu kuupenda. Mfano wao ni mchoro maarufu wa Mjerumani Caspar David Friedrich wa mwaka 1818 hivi, unaoonyesha mwanamume aliyevaa koti, ametupa mgongo, amesimama juu ya mwamba mbele ya ukungu uliojaza mabonde. Ni kweli mchoro huo umechangia sana namna watu wa mijini wanavyojiweka mbele ya mawingu, na hata leo wengi hupigwa picha barazani wakiwa wametupa mgongo vivyo hivyo. Lakini Friedrich aliutunga mchoro wake chumbani, akiunganisha miamba aliyoichora vipande vipande katika milima ya mpakani mwa Saxony na Bohemia. Mchoro unafundisha namna ya kusimama. Hauelezi mtu apande lini, apitie wapi, wala upepo gani ni mbaya, na bila mambo hayo hakuna desturi, ila ndoto ya ukutani. Na hao watawa wa Emei, waliosema nuru ile ni dalili ya Buddha, walikuwa wakiithamini karne sita kabla Friedrich hajazaliwa. Dai kwamba mtu wa kazi haoni uzuri hutolewa zaidi na watu ambao hawakumuuliza.

Karne ya 19 ilileta mlimani wafanyakazi wa aina mpya, na hapa ushahidi unazidi kunenepa. Mwaka 1856 Charles Piazzi Smyth, mwanafalaki mkuu wa Uskoti, alipandisha darubini zake kwenye milima ya kisiwa cha Tenerife kwa msaada wa nyumbu na wenyeji. Nia yake ilikuwa kuyakimbia mawingu, ili atazame nyota bila pazia. Kambi yake ya kwanza, Guajara, ilikuwa kwenye mita 2,700 hivi, juu ya tabaka la mawingu ambalo pepo za biashara hulitandaza kuzunguka kisiwa hicho. Kwa hiyo mtu aliyepanda ili aachane na mawingu ndiye aliyejikuta akiyachunguza kwa juu wiki baada ya wiki na kuwaeleza wengine yanavyokaa. Huko Uskoti kwenyewe, kituo cha hali ya hewa kilifunguliwa mwaka 1883 juu ya Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, baada ya Clement Wragge kuupanda kila siku majira ya joto ya 1881 ili kuchukua vipimo. Kwa miaka 21 wapimaji walisoma vipimajoto kila saa, mchana na usiku. Njia iliyochongwa ili kuwapelekea vifaa ndiyo iliyotumiwa na wapandaji wa starehe, waliotozwa ada, na hoteli ndogo ikafunguliwa kando ya kituo. Watalii walipita kwenye njia ya wapimaji.

Septemba 1894 kijana mmoja, C. T. R. Wilson, alikaa kituoni hapo wiki mbili akiwashikia zamu wapimaji. Aliziona duara za nuru juu ya mawingu yaliyokuwa chini yake, akavutiwa kiasi cha kutaka kuzitengeneza maabarani. Jitihada hiyo ilizaa chombo cha kutengeneza wingu ndani ya kioo, ambacho baadaye kilionyesha njia za chembe ndogo kuliko atomu, na kikampatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1927. Kituo chenyewe kilifungwa 1904 kwa kukosa fedha. Japani nayo ina kisa kinacholingana na hicho. Mwaka 1895 Nonaka Itaru alijenga kibanda kwa fedha zake juu ya mlima Fuji ili kupima hali ya hewa wakati wa baridi kali. Mkewe Chiyoko akamfuata, wakapima kwa zamu hadi Desemba, walipoteremshwa wakiwa hoi. Serikali iliweka kituo huko mwaka 1932, na wapimaji waliendelea kuishi kileleni hadi mwaka 2004, kazi ilipoachiwa mitambo. Watu hawa wote walilipwa kidogo, au hawakulipwa kabisa, na hakuna kati yao aliyekwenda kustarehe.

Wapo wanaokubali yote haya halafu wakageuza hoja: kama zamani watu walipanda kwa jasho, basi baraza la leo ni upotovu, kwa sababu mashine imeondoa taabu iliyokuwa ikiipa mandhari thamani yake. Lawama hii si ngeni. Reli ya meno ya Vitznau hadi Rigi, huko Uswisi, ilifunguliwa mwaka 1871, ikiwa ya kwanza ya aina yake Ulaya, na wageni wakamiminika kutazama jua likichomoza juu ya ukungu wa maziwa. Mark Twain aliwakejeli katika kitabu chake cha 1880, akijieleza yeye na mwenzake walivyolala mchana kutwa wakaamka kusubiri mapambazuko, kumbe jua lilikuwa linazama. Kejeli hiyo inachekesha, lakini haithibitishi kwamba taabu ndiyo inayofungua macho. Fan Chengda hakutoa jasho, na maelezo yake ya mawingu ni miongoni mwa yale yenye umakini mkubwa tuliyorithi. Tena Rigi ilikuwa na hoteli kileleni tangu 1816 na kanisa dogo la mahujaji tangu 1689. Reli iliongeza idadi ya watu katika desturi iliyokuwepo. Vilevile mtu akisema kwamba ndege zimeyafanya mabaraza haya kuwa ya bure, kwa kuwa abiria yeyote wa dirishani huona mawingu kwa juu, amesahau kwamba abiria hupita. Barazani mtu hukaa mahali pamoja na kuona mawingu yakifanya kazi yake: yakipanda, yakimwagika, yakiyeyuka jua likipata nguvu. Thamani iko katika muda wa kukaa na katika ujuzi wa yule anayekuambia usiondoke bado.

Hoja hii ingebaki ya wageni kama isingegusa mlima wetu, Kilimanjaro. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, huko nyuma kwenye kambi ya juu alibaki Mwini Amani, mtu wa Pangani, akipika na kulinda kambi wakati wao wakijaribu njia za barafuni. Huyu mtu wa pwani alikaa kwenye baridi ile, mawingu yakiwa chini yake, muda ambao watalii wa leo hawaufikii, lakini hakuna aliyemwomba aeleze aliyoyaona. Wapagazi wa Kilimanjaro, wanaojiita wenyewe wagumu, ndio warithi wake. Kanuni za hifadhi zinaweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, na kwa mzigo huo humpita mgeni njiani ili akute hema limesimama. Asubuhi, mgeni anapofungua zipu ya hema kule kambi ya Barafu na kukuta Tanzania nzima imefunikwa kwa mawingu, mlangoni kuna beseni la maji ya moto na kikombe cha chai. Aliyevileta aliamka kabla yake, na mawingu hayo ameshayasoma: anajua kama yatapanda saa nne na kuleta mvua.

Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba inafikiria kuweka magari ya nyaya Kilimanjaro ili kuongeza watalii, na wapagazi pamoja na makampuni ya utalii wakapinga wakihofia ajira. Wanaotetea wazo hilo wana hoja zisizopaswa kudharauliwa: wazee, walemavu na watoto nao wana haki ya kuona, na Rigi haikuharibika kwa kuwa na reli. Lakini Tomamu inafundisha kinyume cha wanavyoisoma wapenda mitambo. Pale waya ulikuwepo miaka mingi bila kivutio, hata kampuni ikafilisika nao. Kilichogeuza mambo ni kusikilizwa kwa watu waliokuwa wakipanda kila alfajiri kwa kazi yao. Mitambo inaweza kununuliwa na nchi yoyote yenye mkopo, lakini ujuzi wa ni asubuhi ipi mawingu yatatulia chini ya Shira, na ni ukingo upi yanaonekana vizuri zaidi, uko vichwani mwa wagumu na waongozaji wa Marangu na Machame, na haujaandikwa popote. Kabla hatujapima mlima kwa ajili ya nguzo za chuma, tuketi na watu hao, tuandike wanayoyajua, tuwalipe kwa kuyajua, na majina yao yatajwe kila mandhari hiyo inapouzwa.